Bakshishi ya Mgawa Karata

Mabati thelathini yaliteremshwa garini jioni moja ya mwezi wa Disemba, yakaegemezwa ukutani mwa nyumba ya nyasi huko Kenyamonta, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Aliyeyaleta alikuwa kijana wa nyumba hiyo hiyo, aliyetoka Dar es Salaam kwa safari ndefu ya basi kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, na mabati yenyewe aliyanunua Mugumu, makao makuu ya wilaya, kwa fedha taslimu. Baba yake alikwisha kufariki, na mji wao ulikuwa mikononi mwa baba yake mdogo, mzee wa maneno machache ambaye hakuyatazama mabati hayo hata alipomaliza kula na kunawa mikono. Ndipo alipouliza kwa Kingoreme, na kwa Kiswahili mazungumzo yao huwa kama hivi:

"Hizi ni fedha za mshahara?"

"Nyingine za mshahara, Baba. Nyingine za ahsante."

"Ahsante ya nani?"

"Ya watu wanaokuja kucheza karata. Mimi kazi yangu ni kuwagawia."

"Unawagawia nzuri?"

"La, Baba. Nagawa zinavyokuja. Nikichagua nitafukuzwa, tena nitafungwa."

Mzee alinyamaza kidogo, akaondoa jani lililonasa gotini.

"Basi wanakushukuru kwa lipi?"

Kijana alicheka, kama wanavyocheka vijana wa mjini wanapoulizwa na wazee jambo la mjini, lakini kicheko kilikatika njiani. Alikuwa amefanya kazi ile kwa miaka minne, akipokea ahsante usiku baada ya usiku, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Watu wa mwambao na wa visiwani huenda wakaliona swali la mzee kuwa rahisi, kwa sababu karata wamezizoea. Ni baraza gani isiyochezewa wahedi wa sitini au "last card", kuanzia alasiri mpaka magharibi, pamoja na kelele zake zote za kusingiziana wizi? Lakini katika baraza mgawaji ni mmoja wa wachezaji. Leo wagawa wewe, kesho nagawa mimi, na mtu akigawa vibaya hucheka yeye mwenyewe kabla ya wenzake. Hajatokea mtu akamtunza mwenziwe shilingi kwa kuwa amechanganya karata vizuri. Kasino ndiyo iliyomtoa mgawaji katika mchezo, ikamvalisha shati jeupe na kizibao cheusi, ikamsimamisha au kumkalisha upande wake wa meza, ikamkataza asitamani ushindi wa yeyote.

Katika michezo mingi ya kasino mchezaji hushindana na nyumba yenyewe. Poka ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayolifanya suala la bakshishi liwe zito zaidi. Hapo wachezaji hulana wao kwa wao. Nyumba huchukua ada ndogo katika kila fungu la fedha linalokusanyika katikati ya meza, na mgawaji huchanganya, hugawa, huhesabu, huamua zamu ni ya nani, kisha humsogezea mshindi fungu lake. Ni kazi ya macho na vidole. Mgawaji mzuri hamalizi dakika akitafuta hesabu, hakosei nani ameweka nini, wala hamruhusu mlevi kumtukana mwenzake. Akiwa mwepesi, mchezo huenda mbio na kila mtu hupata karata nyingi zaidi kwa saa. Akiwa mzito, meza nzima husinzia. Hivyo anatumikia watu wote waliokaa, tisa au kumi, kwa kiasi kilekile.

Lakini anayetoa ahsante ni mmoja tu, naye ni aliyeshinda. Ada ya meza hizo, tangu Las Vegas mpaka Dar es Salaam, ni kwamba mshindi wa fungu kubwa humsukumia mgawaji kipande kimoja kidogo cha plastiki katika vile vinavyotumika badala ya fedha. Waliopoteza hawadaiwi kitu. Adabu hii ina mantiki yake, maana si uungwana kumdai aliyetoka kunyang'anywa. Ila ikitazamwa kwa jicho la mzee wa Kenyamonta ina kasoro moja kubwa: mshindi anamshukuru mtu kwa jambo ambalo mtu huyo hakulifanya, na ambalo angelifanya, wangekuwa wezi wote wawili.

Kwa Waislamu wengi wa pwani mjadala ungeishia hapa, pengine usingeanza. Kamari imekatazwa waziwazi katika Suratul Maida, na fedha inayotoka kwenye meza yake haiwi safi kwa kupitia mkono wa mtumishi. Msimamo huo unajulikana na una heshima yake. Hata hivyo hauondoi swali la mzee, kwa kuwa mzee hakuuliza juu ya kamari. Aliuliza juu ya shukrani. Na swali la shukrani humfuata mtu hata katika hoteli isiyouza tone la pombe, mahali popote ambapo mgeni huacha noti chini ya sahani akaondoka.

Neno bakshishi lenyewe lilikuja na majahazi. Asili yake ni Kiajemi, lugha ambayo mzizi wake huo una maana ya kutoa na kusamehe kwa pamoja, na limezagaa katika bandari zote kuanzia Misri hadi Bara Hindi. Waswahili walilipokea lakini hawakulitegemea hilo peke yake. Wana "chai", wana "soda", wana "ya sabuni", wana "kifuta jasho", na mtu anayezijua lugha za mitaani atatambua kwamba kila moja ya hizo yaweza kuwa shukrani au hongo kulingana na wakati ilipotolewa na mlango uliofunguliwa baada yake. Hakuna jamii inayobuni majina mengi kiasi hicho kwa kitu ambacho moyo wake umetulia nacho.

Tanzania iliwahi kulifikisha jambo hili mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kimila anaoufanya mgombea kwa wapiga kura wake kwa nia njema. Pilau, kanga, soda, nauli, vyote vikapata jina zuri la Kiarabu na kinga ya sheria. Mashirika ya kutetea haki, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalipinga, na mwezi wa Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na katiba. Haikuwa rahisi kwa waliozoea. Walisema mila inapigwa marufuku, kana kwamba mila ilikuwa ikimkirimu mgeni mara moja kila miaka mitano.

Meza ya karata imetatua tatizo la takrima kwa njia yake ya kipekee, na hapa ndipo kijana alipompa mzee maelezo ambayo mzee aliyapenda. Mgawaji akisukumiwa kipande cha ahsante hakitii mfukoni. Katika kasino nyingi suruali yake haina mifuko, au mifuko imeshonwa. Hukichukua kwa vidole viwili, akakigonga ukingoni mwa meza, au juu ya sanduku la fedha, mara mbili hivi, ili msimamizi asikie na kamera iliyo darini ione, kisha hukidondosha katika tundu la kasha la bakshishi. Akimaliza zamu yake hufungua viganja vyote viwili, akavigeuza juu na chini, ndipo anapoondoka. Kwa hiyo ahsante hutolewa hadharani, hupokewa hadharani, na jicho la tatu hulishuhudia. Kijana alimwonyesha mzee kwa kigoda na punje ya hindi. Mzee akamtaka arudie.

Wapenzi wa taarabu hawana haja ya kuonyeshwa. Wao wanajua kutunza. Mwimbaji anafika pahala pa shairi palipomgusa mtu, na mtu huyo huinuka kitini, akatembea taratibu mbele ya watu wote akiwa na noti iliyoshikwa juu, akaitia mkononi mwa mwimbaji au kuibandika kwenye paji lake la uso. Hakuna anayeficha, maana fedha hiyo ni usemi. Mwenye kutunza anasema: beti hili ni langu, na yule aliyekaa safu ya tatu anajua kwa nini. Mwimbaji naye hupokea bila kuinama, kwa kuwa hakuombaomba. Sauti ni yake, pumzi ni yake, na kama shairi limemwingia mtu ni kwa sababu ameliimba lilivyostahiki kuimbwa. Hapo kati ya kazi na tunzo pana uzi unaoonekana. Noti imefuata ubeti.

Sasa mgawa karata ana ubeti gani? Rii aliyemletea mshindi imetoka katika kasha la karata hamsini na mbili bila ya kumjua yeyote. Kama kuna ufundi wa mgawaji wa kushukuriwa, basi ni ule wa saa tatu nzima bila kosa, nao mshindi haufikirii anaposukuma kipande chake. Anashukuru bahati, na kwa kuwa bahati haina mkono wa kupokea, humpa aliye karibu nayo. Wagawaji wenyewe wanalijua hilo vizuri sana. Wanajua kwamba usiku wanaofanya kazi kwa ufasaha mkubwa wanaweza kuambulia patupu, na usiku wakiwa na homa na usingizi meza ikawanyeshea. Baadhi yao hujifunza kufurahi pamoja na mshindi kuliko inavyopasa, na hiyo ni hatari, kwa sababu aliyepoteza yupo palepale anawatazama.

Dada yake kijana alikuwa akisikiliza. Yeye hufanya kazi ya kufua mashuka katika kambi moja ya watalii upande wa lango la Ikoma, na ndiye aliyemkatiza kaka yake kwa kusema kwamba kumbe kazi zao ni moja. Katika kambi kama yake dereva anayewaongoza wageni porini hupewa bahasha yake mkononi siku ya kuagana. Sasa dereva huyo, alisema, hata awe bingwa kiasi gani, simba hakumzaa yeye. Wageni wakimwona chui juu ya mti asubuhi ya kwanza, au wakakuta nyumbu wanavuka Mto Mara siku hiyo hiyo waliyofika, bahasha hunona. Mvua ikinyesha siku tatu na wanyama wakajificha, dereva aliyeendesha mara mbili zaidi, akakwama matopeni, akajikwamua, huondoka na bahasha nyembamba. Ni poka hiyo hiyo, ila karata zake zina manyoya.

"Na wewe?" mzee alimuuliza. "Wewe wanakupa lini?"

"Mimi sijawahi kumwona aliyenipa," alijibu. "Mimi napata ya sandukuni."

Sanduku hilo liko mapokezini, na wageni huombwa walitie lolote kwa ajili ya wale wasioonekana: mpishi, mwosha vyombo, mlinzi wa usiku, anayechota maji, anayefua. Ni utaratibu wa busara, maana bila hilo fedha yote ingeishia kwa mwenye kutabasamu mbele ya mgeni. Lakini sanduku hufunguliwa na mtu. Hapo ndipo adabu ya bakshishi inapoacha kuwa jambo la mtoaji na mpokeaji, ikawa jambo la mwenye ufunguo, na hapa wengi wanaoandika juu ya adabu hiyo hupita haraka mno. Huwafundisha wageni watoe kiasi gani, kwa mkono upi, kwa maneno gani, kisha wakaiacha fedha kwenye tundu la sanduku kana kwamba safari yake imekwisha.

Mlimani Kilimanjaro safari hiyo imekuwa ikipiganiwa kwa muda mrefu. Wapagazi hubeba mizigo ambayo kwa kanuni za hifadhi haitakiwi kuzidi kilo ishirini, na kwa wengi wao bakshishi ya siku ya mwisho ndiyo inayoipa safari maana. Zamani ada ilikuwa kumkabidhi kiongozi bahasha moja naye awagawie wenzake, na kilichofika mwisho wa mstari kilijulikana na aliyekuwa mwisho wa mstari. Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza Moshi mwaka 2003, umekuwa ukiwahimiza wapandaji watamke hadharani, mbele ya kundi zima, kiasi wanachotoa kwa kila aina ya kazi. Jambo dogo sana: kutamka tu. Lakini ni lile lile la kugonga meza, na ni lile lile la kuinuka kitini ukumbini.

Kwenye kasino kasha lina historia ndefu zaidi. Waingereza huuita mfuko wa pamoja wa bakshishi kwa neno la Kifaransa, "tronc", ambalo Wafaransa hulitumia kwa sanduku la sadaka lililowekwa kanisani kwa ajili ya maskini. Neno limehama kutoka mlango wa kanisa hadi meza ya kamari bila kubadilisha umbo lake. Uingereza yenyewe iliogopa sana uhusiano wa mchezaji na mgawaji, kiasi kwamba kwa miongo kadhaa chini ya sheria yake ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 1968 wagawaji hawakuruhusiwa kupokea kitu. Sheria mpya ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu Septemba 2007, ndiyo iliyowafungulia. Marekani ilikwenda njia nyingine. Huko katika vyumba vingi vya poka kila mgawaji huondoka na chake, na katika michezo mingine huchanga pamoja. Na sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri wa mtu anayeishi kwa bakshishi kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, kima ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991, madhali bakshishi itafidia kilichobaki. Si majimbo yote yanayokubali hilo. Nevada, yenye Las Vegas yake, hailikubali. Lakini hata Las Vegas, mwaka 2006, kasino ya Wynn ilipoamua kwamba wasimamizi wa meza nao waingie katika mgao wa kasha, wagawaji walipinga, mwaka uliofuata wakapiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kesi zikadumu miaka. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka hata Kenyamonta: anayeamua ugomvi wa mezani asile kwenye sahani ya wagombanaji.

Ni hoja nzuri, na ina upande wa pili ambao kijana aliueleza kwa sauti ya chini. Katika kasino ya kwanza aliyofanyia kazi kasha lilifunguliwa kila Jumatatu katika chumba ambacho wagawaji hawakuingia. Hesabu ilibandikwa ukutani ikiwa imekamilika. Kila mtu alikuwa na alama zake kulingana na miaka ya kazi, na alama zilizidishwa kwa thamani ya wiki, na hakuna aliyejua thamani hiyo ilipatikanaje. Kila aliyeajiriwa alikwisha kuambiwa siku ya kwanza kwamba mshahara ni mdogo lakini bakshishi ni nzuri. Maneno hayo huelezwa kama habari njema. Kwa hakika ni mwajiri anayeihesabu fedha ya mchezaji, ambayo bado imo mfukoni mwa mchezaji, kuwa sehemu ya ujira anaopaswa kuutoa yeye.

Kisha wako wale ambao kasha haliwafikii. Wahudumu wa kike wanaozungusha vinywaji hupewa mkononi, na mara nyingi kipande cha plastiki huja pamoja na neno ambalo mtoaji asingelithubutu kumwambia dada wa jirani yake. Watu wa aina hiyo hutoa nyingi. Hupenda waonekane wakitoa. Huurusha mchango wao mezani ili upige kelele, wakangoja shukrani iwe na kelele kama hiyo. Adabu ya kutoa, kama ipo, haikai katika kiasi: kuna mzee mmoja wa Kihindi, kijana alisimulia, ambaye kila akishinda husukuma kipande kilekile kidogo cha chini kabisa, bila kuinua macho, na siku asiyoshinda husukuma vilevile anapoondoka. Huyo ndiye pekee aliyekuwa akilipa kazi. Wagawaji walimpenda kuliko matajiri.

Mzee wa Kenyamonta alikuwa na kipimo chake cha kutoa na kupokea, na hakikuwa cha zamani sana kiasi cha kusahauliwa. Shamba likimshinda mtu, huwaita majirani. Wakalima kutwa, wakala na kunywa kwake. Wakuria, majirani zao wa ng'ambo ya Mto Mara huko Tarime, huiita kazi hiyo risaga. Pombe ile si malipo ya jembe. Asiyeweza kuja leo atakuja siku nyingine, na mwenye shamba atakwenda kwa huyo atakapoitwa, na asipokwenda jina lake litatajwa. Zawadi ya namna hiyo humfunga mtu. Ina anwani. Bakshishi kinyume chake humfungua mtoaji. Imetolewa ili asidaiwe tena kitu, ili kesho akikutana na mgawaji sokoni Kariakoo apite bila kumjua. Wapo watakaosema huo ndio uzuri wake, kwamba hairithishi deni wala unyonge, na mtu aliyekulia katika vijiji ambamo kila kibaba cha unga kina kumbukumbu ya miaka ishirini anaweza kuona nafuu yake. Kijana mwenyewe aliiona. Alisema mjini ni raha kupokea kitu kisicho na maneno.

Lakini usiku ule hakulala mapema, na kabla ya moto kuzimika alisimulia kisa ambacho huenda ndicho kilichomfanya acheke vile alipoulizwa.

Kulikuwa na mtu mmoja, wa makamo, mwenye shati la ofisini, aliyekuja mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wa miezi. Hakuwa mgomvi. Alikuwa akipoteza polepole kama pipa linalovuja. Usiku mmoja, wiki chache kabla ya likizo ya kijana, alipoteza mpaka saa kumi ya alfajiri, akabakiwa na kipande kimoja cha thamani ndogo, kisichotosha kukaa tena mezani. Akakiangalia, akamsukumia mgawaji. "Chukua," alisema, "leo umenihudumia vizuri."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amehudumiwa vizuri. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne mtu alikuwa amemshukuru kijana kwa kazi, si kwa bahati, na mtu huyo alikuwa yule ambaye hakupaswa kutoa kitu. Kumrudishia kungekuwa kumvunjia heshima mbele ya wenzake, kumwambia: tumekuona umefilisika. Kumshauri aende nyumbani hakuruhusiwi. Kumtazama sana hakuruhusiwi. Kijana alisema "ahsante, bwana", akagonga mara mbili, akakidondosha kashani, na kikalia kama vinavyolia vyote. Mtu yule alivaa koti lake. Mlangoni, mlinzi alisimulia baadaye, alisimama kidogo akapapasa mifuko, kisha akamuomba mlinzi nauli ya daladala. Mlinzi akampa. Mlinzi, kwa kampuni yake ya ulinzi, hamo katika mgao wa kasha.

Dada alitikisa kichwa. Mzee alikuwa akichokonoa makaa kwa kijiti.

"Mtu huyo ana watoto?"

"Sijui, Baba. Haturuhusiwi kuuliza."

"Na hiyo uliyoigonga, uliipata?"

"Niliipata pamoja na za wengine. Jumatatu walipogawa."

Mzee aligeuka akayatazama mabati kwa mara ya kwanza. Mwanga wa moto ulikuwa ukichezacheza juu ya migongo yake.

"Mangapi kati ya haya ni ya kwake?"

Kijana alifikiri. Alijaribu kweli kufikiri, maana alikuwa mtu wa hesabu: alama zake, thamani ya wiki, idadi ya wagawaji, bei ya bati moja Mugumu. Alianza kuhesabu kwa vidole akaacha.

"Haijulikani, Baba. Fedha za kashani hazijuani."

Mzee hakusema kama jibu hilo limemridhisha. Masika ingeanza Machi, na nyasi za paa upande wa magharibi zilikwisha kuoza. Aliuliza kama misumari imeletwa. Kijana alisema ameisahau, na ikakubaliwa kwamba atakwenda Mugumu kesho yake kuifuata kabla ya fundi kuja, na kwamba ya kununulia misumari itoke kwenye mshahara.